Magemu ya kucheka kwa simu sebuleni, tunavyoyacheza sisi huku Mtwara

Kuna watu kila wakiona stetasi zangu za Jumamosi wananiuliza nyie huko Chikongola mnaangaliaga nini, maana wanaona watu kumi na mbili wamebanana sebule moja, wengine kwenye mkeka, kila mtu kainamia simu yake kimyaaa kama wapo kwenye mtihani, alaf ghafla sebule nzima inalipuka, mmoja anagaragara mwingine anafuta machozi na khanga. Hatuangalii kitu, tunacheza. Na kwa kua maswali yamekua mengi naandika yote hapa kuanzia waya wa TV mpaka maswali ya gemu lenyewe, na hayo maswali ndo nataka uyasome vizuri kuliko mambo ya waya, maana nimeshaona watu wana TV inchi hamsini na tano na bando la kutosha na hamna anaecheka, na sisi tumeshacheza umeme umekatika, gizani, vitochi viwili na simu zenye chaji kidogo, watu wakacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini akakaribishwa akakaa.

Kwanza gemu lenyewe likoje. Sio yale ya kila mtu na vita yake kwenye simu yake. Hapa kunakua na kioo kikubwa kimoja, TV au laptopu, ndo kinaonyesha gemu, alaf simu ya kila mtu inakua kalamu yake. Swali linatokea kwenye TV, wewe unaandika jibu kwenye simu hamna anaekuona, majibu yanatokea bila majina, watu wanapiga kura, kura zikishaisha ndo jina la mwenye jibu linatoka. Hamna kukimbia hamna kupiga risasi hamna pedi ya kugombania. Anaejua kutuma meseji anajua kucheza, na kwetu wanaoongoza kwa pointi sio vijana, ni mama mdogo.

Walioyafanya yajulikane dunia nzima ni Jackbox Games, kampuni ya Chicago huko Marekani, chimbuko lao ni gemu la maswali la You Don't Know Jack la mwaka 1995. Jackbox Party Pack ya kwanza ilitoka 2014 na baada ya hapo kila mwaka wakatoa nyingine mpaka ya kumi 2023, kila paki ina magemu matano ndani. Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba ananunua mtu mmoja tu. Mimi ninayo kwenye laptopu nimenunua Steam, lile duka la mtandaoni la magemu ya kompyuta, ukiwa na PlayStation au Xbox au Switch nako ipo, na usiinunue kwa bei yake ya kawaida, subiri punguzo, Steam wanashushaga bei mara kadhaa kwa mwaka na paki za zamani zinashuka sana. Malipo nilifanya kwa kadi ya mtandaoni ile unayotengeneza kwenye huduma ya pesa ya simu. Wachezaji wengine wote hawalipi na hawadaunlodi chochote, wanafungua brauza tu wanaandika jackbox.tv, wanaweka herufi nne zinazoonekana kwenye TV, wanaandika jina, wameingia.

Kwenye hizo paki magemu ni mengi ila matatu ndo nayapenda. Quiplash, hapo swali moja wanapewa watu wawili kila mmoja anajibu kivyake na wengine wote wanachagua jibu gani kali, ukizoa kura zote unapata na bonasi juu. Fibbage, unapewa habari ya kweli ya ajabu ina neno moja limetolewa, kila mtu anatunga neno la uongo, alaf mnatafuta la kweli kwenye rundo la uongo wenu wenyewe. Na Drawful, unachora kwa kidole kwenye simu kitu cha ajabu ulichopewa na wengine wanabuni jina la mchoro. Quiplash na Drawful ni watu watatu mpaka nane, waliobaki wanaingia kama watazamaji kwa herufi zilezile na kura zao zinahesabiwa, kwaiyo usimwambie mtu amechelewa.

Sasa usiku wa kwanza nilioiwasha ilikua Iddi, watu wamejaa wameshashiba pilau, mimi nina furaha kuliko wote. Swali la kwanza likaja Kiingereza, linataja tangazo la TV la Marekani, watu wakaniangalia. Nikatafsiri. Wakaendelea kuniangalia. La pili linataja mtu maarufu wa huko ambae hata mimi simjui. Baada ya maswali manne mjomba akaomba aweke taarabu. Iliniuma kweli, nililala nikiwaza maana nilijua gemu ni zuri nilishacheza chuoni tukacheka sana, na nikaelewa kwamba kule chuoni tulikua tunacheka kwa sababu tuliacha kujibu swali tukawa tunaandika habari za sisi kwa sisi, lekcha fulani, mama wa kantini, yule jamaa wa rumu ya jirani. Kicheko hakikua kwenye gemu, kilikua kwenye kujuana. Gemu ni sahani tu, mboga unaleta wewe.

Tangu hapo maswali nayaandika mwenyewe. Quiplash 2 ipo kwenye Party Pack 3 na inakuruhusu kutengeneza maswali yako ukayahifadhi, na Drawful 2 ambayo inauzwa peke yake nayo inakubali uandike vya kwako vya kuchora. Ukiwa na hizo mbili tu unatosha, andika kwa Kiswahili gemu halijali lugha.

Jinsi ya kuandika swali, hapa tulia. Swali kama "kitu gani kinachekesha" halifai, linamuacha mtu hewani hajui aanzie wapi. Swali zuri linakua ni sentensi ya kitu ambacho wote humo ndani kimeshawakuta, alaf unaikata kabla haijaisha. Mfano "Dereva wa bajaji akikwambia nipo hapo kona, ujue yupo..." Hili kila mtu hapa mjini limeshamkuta amesimama juani na mizigo. Majibu mawili yaliyopigiwa kura siku ile, moja lilisema "ndo anaoga", lingine likasema "kona ya Masasi". Masasi ni kama kilomita mia mbili kutoka hapa. Kona ya Masasi ikazoa kura zote na mpaka leo mtu akichelewa kwetu anaulizwa umefika kona ya Masasi?

Mengine yaliyofanya kazi vizuri: "Sababu ya kweli shangazi hajarudisha sufuria letu la shughuli ni..." (jibu lililoshinda, "limeshapiga kura huko"). "Msimu wa korosho mtu akishalipwa kitu cha kwanza..." "Kwenye basi la Dar abiria wa siti ya nyuma ameanza kulalamika kabla ya Lindi kwa sababu..." "Neno ambalo ukimsikia fundi analisema ujue hela yako imeenda..." Unaona yanavyokaa, hamna hata moja linalohitaji mtu awe msomi, linahitaji awe ameishi hapa. Ukiwa Lindi mjini weka Mitwero, weka kivuko, weka vya kwenu, usichukue vyangu kama vilivyo.

Na urefu. Swali lisizidi mistari miwili ya simu, na jibu waambie watu mapema kwamba maneno matatu manne yanachekesha kuliko aya nzima. Mtu mpya siku zote anaandika aya. Mwache, raundi ya pili anajirekebisha mwenyewe akiona neno moja limemshinda.

Kuna jambo lingine ambalo naliona ni nusu ya kazi, ni msomaji. Hata kama majibu yapo kwenye TV lazima mtu mmoja asome kwa sauti, maana wazee hawaoni vizuri na watoto wanasoma polepole, na kila mtu akisoma kivyake kicheko kinatoka vipande vipande. Msomaji asome swali lote, apumzike kidogo, asome jibu la kwanza, arudie swali lote tena, ndo asome jibu la pili. Kurudia swali watu wanaona ni kupoteza muda ila ndo panapobeba, jibu fupi likija juu ya swali lililosomwa vizuri linaangusha watu. Na msomaji asicheke kabla ya kumaliza na asibadili sauti kwenye lile analolipenda, akifanya hivo ameshampigia mtu kampeni. Kwetu msomaji ni dada yangu mkubwa, ni mwalimu wa shule ya msingi, ana ile sauti ya kusoma matokeo ya mtihani, hakuna anaemuweza.

Kama huna hela ya kununua chochote

Usisubiri. Mwezi mzima wa kwanza tulicheza bila Jackbox kwa njia ya meseji na mpaka leo naipenda zaidi maana hata mwenye kitochi anacheza. Inakua hivi. Msimamizi anaandika maswali kumi kwenye daftari. Kila swali anataja watu wawili, hao wawili wanamtumia jibu, mwenye WhatsApp kwa WhatsApp, mwenye kitochi kwa SMS ya kawaida. Wengine wanapiga stori wanakula. Majibu yakifika msimamizi anasoma kama nilivyosema juu, anaita jibu namba moja na jibu namba mbili, alaf anahesabu mpaka tatu wote wananyoosha vidole kwa pamoja, kimoja au viwili. Kwa pamoja tafadhali, ukiruhusu mmoja mmoja watu wanafuata alipoenda mkubwa. Kila kura pointi moja, ukizoa zote unapewa mara mbili.

Bibi yetu ana kitochi cha batani na macho yake sio mazuri sana kwa kuandika, ila alikataa kabisa kuandikiwa, akasema nitaandika mwenyewe. Lile swali la msimu wa korosho, mtu akishalipwa kitu cha kwanza, yeye alikua na mjomba. Mjomba kaleta lake haraka, ndefu, ina pikipiki na godoro ndani yake. Tukamsubiri bibi dakika kama nne tunasikia batani tu tik tik tik. SMS ikaingia, maneno mawili: "anabadili namba". Dada akaisoma kwa sauti yake ile ya matokeo. Mjomba mwenyewe ndo alianguka wa kwanza, maana msimu uliopita tulimtafuta wiki tatu hapatikani.

Fibbage nayo unaweza kuifanya kwa njia hiyohiyo, kila mtu anatuma uongo wake kwa msimamizi, msimamizi anachanganya na jibu la kweli anasoma yote, mnachagua. Kila mtu uliyemdanganya unapata pointi moja, ukipata ukweli pointi mbili, sisi ndo tunahesabu hivo. Na hapa usiende kutafuta habari za ajabu za mbali, huku kusini zimejaa. Chukua hii: Reli iliyokua inatoka Mtwara kwenda Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya kusafirisha nini? Watu wote wataandika korosho, au watatunga mkaa, chumvi, pembe za ndovu. Jibu ni karanga, ni ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza miaka ya 1940 ambao ulikuja kufa mwaka 1951, na bandari yetu hii ilijengwa kwa ajili ya huohuo. Kwetu aliyepata ni mzee mmoja tu wa jirani, akatueleza mengi gemu likasimama nusu saa na hamna aliyelalamika.

Nyingine, Livingstone aliposhuka Mikindani mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho alikuja na wanyama wa kubeba mizigo, mmoja wao watu wa huku hawajamzoea, ni nani? Ngamia. Hakuna anaeamini, uongo wa "tembo wa kufugwa" ulipata kura nyingi kuliko ukweli. Na hii ya Lindi, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, ile mijusi mikubwa ya kale, kule Tendaguru, mmoja wameuunganisha umesimama zaidi ya mita 13 kwenda juu, upo kwenye makumbusho ya mji gani leo? Berlin. Vijana wa Mtwara walikosa, shemeji wa Lindi akapata na akajisifu mpaka saa sita usiku, haki yake.

Ya kuchora

Gartic Phone ni ya bure, ya kwenye brauza, na kama leo usiku una saa moja tu cheza hii. Kila mtu anaandika sentensi, sentensi inaenda kwa mwingine anaichora, mchoro unaenda kwa wa tatu ambae haoni sentensi anaandika anachokiona, wa nne anachora alichoandika wa tatu, hivo hivo mpaka mwisho, alaf mnafungua mnaona safari nzima. Unaandika Kiswahili hamna shida. Mwenye chumba anatuma linki kwenye grupu wengine wanabonyeza wanaingia.

Nakupa mfano wa kweli wa kwetu. Binamu aliandika "Mjomba amepanda mkorosho anakimbia nyuki". Wa pili akachora, mkorosho ukawa duara kubwa na mtu chini yake, nyuki ni vidoti. Wa tatu akaona akaandika "Mzee ameshika mwavuli kwenye mvua". Wa nne akachora mzee, mwavuli, na miguu ameipinda sijui kwanini. Wa tano akaandika "Mzee anacheza sindimba na mwavuli". Wa sita akamchora anacheza na akamuongezea watu. Wa saba akamalizia "Harusi ya Newala imenyeshewa". Kutoka nyuki mpaka harusi ya Newala, na kila mtu njiani alikua anajitahidi kwa nia njema kabisa kueleza alichokiona! Ndo uzuri wake, asiyejua kuchora ndo anaetakiwa zaidi. Mwishoni kuna sehemu ya kuhifadhi albamu kama picha inayotembea, hifadhi, maana kesho yake grupu litaiomba.

Watu wakiwa saba nane inanoga, wakiwa watatu inaisha haraka haina safari. Muda weka mrefu raundi ya kwanza, wazee wanahitaji kujua kidole kinachoraje.

Skribbl nayo ni bure, mmoja anachora wengine wanawahi kuandika neno, na unaweza kuingiza maneno yako mwenyewe ukitenganisha kwa mkato na ukaweka tiki itumie ya kwako tu. Mimi niliweka mkorosho, pweza, bajaji, kinyago, mbuyu, dafu, kibatari, ngalawa, kisamvu, ming'oko (vile viazi vya porini vya huku kusini). Hapo kwenye ming'oko nikajifunza kitu. Skribbl inataka herufi zilezile ulizoandika, mimi niliweka na ile alama ya juu, watu wanaandika mingoko inakataa, wengine simu zao zinaweka alama iliyopinda nayo inakataa, ikawa kelele watu wanasema tumepata mbona haikubali. Kwaiyo ondoa alama zote, na chagua maneno ambayo yanaandikwa namna moja tu, maana huku kwetu mtu anaweza kuandika nkorosho akiwa hana kosa lolote ndo anavyotamka, na gemu litamnyima pointi yake. Hiyo mimi siipendi. Neno ambalo najua litagawanya watu silisogelei.

Kahoot sitaiongelea sana, ni maswali ya kuchagua jibu kwa rangi, umeshaiona labda kwenye semina, watu wanaingia kahoot.it na namba. Ni nzuri kwa watoto kwa sababu hawaandiki wanabonyeza rangi tu, na ukiandika maswali ya familia yenyewe, nani alizaliwa Tandahimba, babu alikua anafanya kazi gani bandarini, inawafundisha vitu ambavyo hamna siku mngekaa kuwaambia.

Na kuna Spaceteam, ya mwaka 2012, hii tofauti na zote inataka aplikesheni kwenye kila simu ila haihitaji bando wakati wa kucheza, mnaungana kwa waifai moja au bluetooth. Mpo kwenye chombo cha angani, amri inatokea kwenye simu yako ila batani yake ipo kwenye simu ya mwingine, kwaiyo mnapigiana kelele. Maneno ni ya Kiingereza cha kubuni ambacho hata Mwingereza hakielewi, ndo maana hapa lugha haisumbui. Wawili mpaka nane. Daunlodini mapema ikae, siku intaneti ikigoma mnayo.

Waya na bando

TV ya kawaida ya flati ina tundu la HDMI nyuma au ubavuni, chomeka waya kutoka laptopu, chukua rimoti bonyeza pale pa kuchagua chanzo, chagua HDMI namba uliyochomeka. Jaribu mchana. Mimi nilinunua waya duka moja mjini wa bei ya chini kabisa, usiku ule kila mtu akipita karibu picha inakata, ikabidi mtoto mmoja akae kuushikilia, sio vizuri. Sauti ya TV ikiwa ndogo unganisha sabufa, muziki wa gemu unachangamsha hata kabla ya swali. Huna TV, laptopu juu ya stuli inatosha watu sita. Mkiwa wengi, wale wenye vibanda umiza wana projekta na siku isiyokua na mechi inakaa tu, kaongee nao.

Intaneti, sikia vizuri. Jackbox haitoshi mkiwa kwenye waifai moja, kila simu lazima iwe na intaneti kweli maana inaongea na TV kwa kupitia mtandao. Habari njema ni kwamba simu zinatumia MB kidogo sana, ni maandishi tu yanaenda na kurudi, hakuna video. Kinachomaliza bando ni wageni. Ukitoa hotispoti mtu anaungana anacheza raundi mbili alaf anahamia kuangalia video, au simu yake inaamua kuapdeti aplikesheni zote kwa bando lako. Mimi natoa hotispoti kwa wasio na bando tu na neno la siri nalibadilisha kila wiki. Angalia pia setingi ya hotispoti ina kikomo cha vifaa, simu nyingi ni nane au kumi, wa kumi na moja atasumbuka bure kudhani simu yake mbovu.

Na mwenye hotispoti asiwe mtu anaepigiwa sana simu. Kwenye simu na maeneo mengi ukipokea simu intaneti inasimama, kwaiyo katikati ya kura mpangaji wake anapiga, wote mnatolewa. Ikitokea umetolewa Jackbox usiwe na wasiwasi, rudi palepale jackbox.tv kwa simu ileile, herufi zilezile na jina lilelile, unaendelea na pointi zako. Kioo cha simu nacho kiwekee muda mrefu kabla ya kuzima. Ekstensheni moja yenye matundu mengi weka katikati ya sebule, na pawabenki kama ipo, maana watu wanakujaga na chaji asilimia kumi.

Chakula, cha mkono mkavu. Korosho za kukaanga ndo zenyewe, zimekauka hazichafui na zinaliwa polepole. Pweza na pilipili subirini mapumziko, nimeshuhudia mtu kala pweza kidole kina mafuta kioo hakishiki, akajifuta akajigusa jicho, raundi mbili hajaona kitu. Ming'oko sawa ila kuna maganda, weka beseni.

Nani acheze na nani

Hili limenichukua muda kulielewa na naomba ulizingatie. Haya magemu yanafanya watu wataniane na utani kwetu una wenyewe. Bibi na mjukuu ruksa, hao ni watani tangu zamani. Mashemeji ruksa. Watani wa kabila wakikutana ndo raha yenyewe. Ila mkwe na mkwe usiwaweke kwenye swali moja, hata kama wote wanacheka nje, ndani mmoja atakua anahesabu maneno. Kama mama mkwe yupo sebuleni chezeni michoro, Gartic haimtaji mtu.

Jackbox ina setingi ya kuchuja mambo ya kikubwa ila inachuja Kiingereza chake, matusi yetu haiyajui, kwaiyo mchujo ni wewe. Kabla ya kuanza nasema kwa sauti mbele ya wote: hatugusi ndoa ya mtu, hatugusi ugonjwa, hatugusi nani hana hela, hatugusi aliyefariki. Na kwa sababu majibu hayana jina msimamizi wa meseji ana haki ya kuliacha jibu bila kulisoma, anasema tu "jibu limepotea njiani" na mwenye jibu anaandika lingine, hamna anaejua alikua nani. Nimeitumia mara mbili tu mpaka leo, na mara zote mbili mtu mwenyewe alinifuata jikoni akanishukuru.

Mtu akiwa hacheki usimlazimishe, mpe kusoma au mpe kuhesabu pointi. Mke wa kaka alikua mgeni hapa, ametokea Singida, wiki tatu alikua anahesabu pointi tu kwenye daftari kimya. Wiki ya nne swali likaja "Ukifika Mtwara mara ya kwanza watu wa hapa watakushangaza kwa..." akaniomba kwa macho nikamtaja awe mmoja wa wale wawili wa kujibu. Akatuma "kunisalimia mpaka chai inapoa". Sasa hivi anakaa katikati ya mkeka na daftari limepata mtu mwingine.

Saa moja na nusu inatosha, mbili ikizidi sana, simamisha watu wakiwa bado wanataka. Alaf kabla hawajavaa viatu waambie kila mtu atume maswali mawili ya wiki ijayo kwenye namba yako, usiku huohuo wakiwa na moto. Wakishafika nyumbani hawatumi. Bibi anatuma akiwa bado amekaa kwenye kiti, tik tik tik, na tunamsubiri wote mlangoni mpaka amalize.